Kushika ni Kulinda

Ukisimama katika ufuko wa Dunga, karibu na mji wa Kisumu, siku ya Ijumaa jioni, utaona jua likishuka kwa haraka juu ya maji ya Ghuba ya Winam, na wavuvi wa omena wakitengeneza taa na nyavu zao kwa kazi ya usiku. Lakini ng'ambo ya ghuba, katika nchi ya Karachuonyo, ziko nyumba nyingi ambamo kazi imekwisha saa hiyo. Kuni zimekatwa, maji yametekwa, nguo za kesho zimepigwa pasi, na chakula kimepikwa. Watu wa nyumba hizo husema kwamba wanashika Sabato, na Sabato kwao imeingia pamoja na kuzama kwa jua.

Labda, msomaji, umelisikia neno hilo mara nyingi bila kulitazama. Jembe hushikwa kwa mpini na ng'ombe kwa kamba. Bali siku haina mpini wala kamba. Je, siku hushikwaje? Yafaa tuulize, kwa maana ndani ya neno hili mna fikira ya kale ya Wayahudi, ambayo imesafiri mbali na kupita katika lugha nyingi hata ikafika kandokando ya ziwa letu.

Katika Kiebrania, lugha ya Torati, liko neno shamar. Maana yake ya kwanza ni kulinda: mchungaji hulinda kundi, na askari hulinda lango la mji. Lakini neno hilo hilo ndilo linalotumika kwa kutii amri. Basi, kwa Myahudi wa kale, mtu hakuitii sheria tu kama mtumwa atiivyo sauti ya bwana wake. Aliilinda, kama kitu kiwezacho kuibiwa, kuharibika au kusahauliwa. Wajaluo hawako mbali na maana hiyo. Kwao neno rito lina maana ya kulinda, na kuchunga, na pia kungoja. Mtoto anayeamia ndege katika shamba la mtama yumo katika kazi hiyo. Na sisi katika Kiswahili twasema kushika sheria, lakini twasema pia kushika zamu. Ziweke semi hizi mbili pamoja, nawe utakuwa umeikaribia sana maana ya Kiebrania: mwenye kushika sheria ni mtu aliye katika zamu.

Jambo hili laonekana tangu kurasa za kwanza za Torati. Mtu wa kwanza aliwekwa katika bustani apate kuilima na kuilinda. Hakupewa bustani aitumie tu. Kisha Kaini, alipokwisha kumwua nduguye, aliulizwa nduguye yuko wapi, naye akajibu kwa swali: je, yeye ni mlinzi wa ndugu yake? Neno alilotumia ni lile lile, shomer, yaani mlinzi. Katika masimulizi swali lake halikujibiwa kwa neno la ndiyo au siyo. Lakini waweza kusema kwamba vitabu vya sheria vilivyofuata ni jibu refu kwa Kaini. Vinaeleza mtu ni mlinzi wa nini, kwa muda gani, na atalipa nini akishindwa.

Tutazame mfano mmoja wa sheria hizo. Katika kitabu cha Kutoka mna amri juu ya mtu aliyepewa mali ya mwenziwe aiweke. Walimu wa sheria waliziunganisha amri hizo katika Mishna, mkusanyo wa sheria uliotimizwa yapata mwaka 200 baada ya kuzaliwa Kristo, wakasema kwamba walinzi ni wanne. Tuseme kwamba wewe una ng'ombe katika nchi ya Nyakach, nawe unasafiri. Ukimwacha kwa jirani bila malipo, jirani huyo ni mlinzi wa bure. Ng'ombe akiibiwa, jirani ataapa kwamba hakuzembea wala hakumtumia kwa faida yake, naye atasamehewa. Ukimlipa mchungaji ujira, atalipa ng'ombe akiibiwa au akipotea, bali atasamehewa akifa kwa ajali isiyozuilika. Mtu aliyemkodi ng'ombe kwa kulima ana hukumu moja na mchungaji huyo wa ujira. Wa nne ni mwazimaji, aliyemchukua ng'ombe bila kutoa hata senti moja. Huyo hulipa karibu kila hasara, hata ile ya ajali. Isipokuwa ng'ombe amekufa katika kazi yenyewe aliyoazimiwa, au mwenyewe alikuwa pamoja naye kazini.

Unaona kipimo kilichotumika? Si ukali wala upole wa hakimu. Ni faida. Kadiri mtu apatavyo faida katika kitu cha mwenziwe, ndivyo deni lake la kukilinda linavyokua. Anayelinda bila kupata kitu huulizwa kidogo. Anayepata yote bila kutoa kitu huulizwa sana. Watu wa ziwa ambao tangu zamani wameweka ng'ombe wao kwa rafiki na jamaa hawatashindwa kuielewa haki ya namna hii.

Sasa uliza swali jingine. Myahudi anayeilinda sheria yake ni mlinzi wa namna gani kati ya hao wanne? Hakuitunga mwenyewe, wala hakuinunua. Ameipokea kwa baba zake, na faida yake anaila kila siku. Naona kwamba amefanana zaidi na mwazimaji. Ndiyo maana udhuru wake ni mdogo, na ndiyo maana watu hao wameilinda sheria kwa uangalifu ambao wageni mara nyingi wameuona kuwa ni wa kupita kiasi.

Katika vitu vyote walivyolinda, kilicho kigumu kuliko vingine ni wakati. Amri ya Sabato imeandikwa mara mbili katika Torati. Mahali pamoja wanaagizwa kuikumbuka siku hiyo, na mahali pengine wanaagizwa kuilinda. Walimu wao walieleza kwamba kukumbuka ni yale yatendwayo, kama kuwasha taa na kuibariki siku kwa kikombe cha divai. Na kulinda ni yale yanayoachwa. Wakahesabu kazi kubwa 39 zisizotendwa siku hiyo: kulima, kupanda, kuvuna, kusuka, kuandika, kujenga, kuwasha moto, kuchukua mzigo kutoka nyumbani hata njiani, na nyinginezo. Hesabu hiyo waliitoa katika kazi zilizotumika kuijenga hema takatifu jangwani.

Sabato huanza jua linapotua Ijumaa, nayo huisha Jumamosi usiku nyota zinapoonekana. Jambo hili halimshangazi Mswahili. Wazee wa pwani waliuhesabu usiku kuwa kichwa cha siku, wakauita usiku unaofuata Ijumaa usiku wa Jumamosi. Na hata leo twasema Ijumaa usiku, kuamkia Jumamosi. Hali kadhalika saa za Mishna ni ndugu wa saa zetu, kwa kuwa mchana wote unagawanywa katika saa kumi na mbili toka asubuhi hata jioni. Walimu waliposhindana juu ya mwisho wa wakati wa kukiri imani asubuhi, mmoja wao aliruhusu mpaka saa tatu, akatoa sababu kwamba huo ndio wakati ambao wana wa wafalme huamka. Mwanafunzi wa Kisumu anaifahamu saa tatu hiyo bila kufasiriwa. Mwanafunzi wa London hana budi kufasiriwa. Huko London jua hutua karibu na saa kumi alasiri katika Desemba, na baada ya saa tatu usiku katika Juni, hata mlinzi wa Sabato analazimika kutazama kalenda kila juma. Kisumu iko karibu sana na mstari wa Ikweta, na jua lake halibadili desturi yake ila kwa dakika chache. Usiku nao umegawanywa katika zamu, na neno la Kiebrania la zamu hizo limetoka katika shina lile lile la kulinda.

Mwenye kitu cha thamani hukizungushia ua. Kusini ya ziwa, katika wilaya ya Migori ya zamani, ziko kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizoanzishwa yapata karne ya 16 na kuwekwa mwaka 2018 katika orodha ya urithi wa dunia. Waliozijenga walipanga mawe bila udongo wala saruji, kwa kimo cha mtu na zaidi, wapate kulinda watu wao na mifugo yao. Ukuta haukuwa mali. Mali ilikuwa ndani. Walimu wa Kiyahudi walifanya jambo kama hilo kwa maneno, nao walifundisha wazi kwamba Torati inahitaji kuzungushiwa ua. Kwa mfano, sheria iliruhusu sala fulani ya usiku isomwe mpaka alfajiri, bali wao walisema isomwe kabla ya usiku wa manane, ili mtu asije akalala kidogo, akala kidogo, na kulipopambazuka akawa ameikosa. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walimu hao walijenga ukuta kabla ufa haujatokea.

Lakini hapa pana hatari, na ni haki kuitaja. Mtu aweza kuupenda ua hata akausahau mji uliomo ndani. Aweza kuhesabu kila jiwe la ukuta, na ndugu yake analia nje ya lango. Walimu wa Talmudi waliiona hatari hiyo. Waliuliza: mtu akiwa katika hatari ya kufa siku ya Sabato, je, kazi iliyokatazwa itendwe ili aokolewe? Wakakubaliana kwamba itendwe, na bila kuchelewa. Sababu moja waliyoitoa ni ya kufikiriwa sana: Sabato moja ivunjwe kwa ajili yake, ili yeye apate kuzilinda Sabato nyingi. Kwa hiyo ikiwa mashua imepinduka katika ghuba siku ya Sabato, mwenye kushika sheria hiyo hasimami ufukoni akitazama. Huingia majini, na kwa kuingia hajaiacha zamu yake, bali ameishika.

Ulinzi huo haukomi kwa walio hai. Ni desturi ya Wayahudi kwamba maiti haachwi peke yake tangu kufa hata kuzikwa. Mlinzi hukaa karibu naye usiku na mchana, na kwa kuwa yumo katika wajibu huo husamehewa sala nyingine za wakati ule. Wewe uliyelelewa kando ya ziwa umeona jamaa na majirani wakikesha katika matanga, na moto ukiwaka hata asubuhi. Desturi hizi mbili zimezaliwa mbalimbali na maana zake si moja. Bali zote mbili zakataa jibu la Kaini, hata kwa ndugu asiyeweza tena kusema ahsante.

Sasa turudi Karachuonyo. Mwezi wa Novemba, 1906, miaka mitano kamili haijatimia tangu reli ya Uganda ifike Kisumu, wamisionari wa Kanisa la Waadventista Wasabato waliingia katika mji huo. Miongoni mwao walikuwa Arthur Carscallen, mtu wa Kanada, na Peter Nyambo, Mwafrika wa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Walivuka ghuba wakaanzisha kituo chao katika kilima cha Gendia, karibu na Kendu Bay. Carscallen alijifunza Kijaluo, akaandika kitabu cha sarufi yake, na baadaye mtambo wa kupigia chapa uliwekwa Gendia. Watu hao hawakuwa Wayahudi. Ni Wakristo, wala hawafuati hesabu ya kazi 39. Lakini siku waliyoileta ni ile ya Torati, toka jua kutua hata jua kutua, na pamoja na siku hiyo lilikuja wazo la kuilinda. Likawakuta watu ambao walikuwa wamekwisha kujua, kwa mtama na kwa ng'ombe, kazi ya mlinzi ni nini.

Upande wa pili wa mpaka, katika nchi ya Mbale chini ya mlima Elgon, mambo yalikwenda mbali zaidi. Nchi hizi zote mbili, Mbale na Kisumu, zilikuwa chini ya serikali moja ya Uganda mpaka mwaka 1902, wakati sehemu ya mashariki ilipotengwa na kutiwa katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Huko Mbale aliishi Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitawala nchi ya mashariki, kisha akaona kwamba hawakumlipa heshima aliyoitarajia. Akajitenga, akaisoma Biblia kwa bidii, akasadiki kwamba amri za Torati hazikuwekwa zisomwe tu. Mwaka 1919 alijitahiri yeye na wanawe. Alipoambiwa kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi, alikubali kuitwa Myahudi. Wafuasi wake waliitwa Abayudaya, na mwaka 1922 aliwatolea kitabu cha kanuni na sala kwa Kiganda. Alifariki mwaka 1928.

Fikiri, msomaji, hali ya watu hao. Hawakuwa na baba wa Kiyahudi, wala taifa la kuwasaidia. Walikuwa na kitabu tu, na mafundisho waliyopata kwa wageni wachache waliopita. Jaribu lao kubwa lilikuja baada ya Idi Amin kushika utawala mwaka 1971. Serikali yake iliipiga marufuku dini yao. Wengi waliiacha. Wachache waliendelea kusali kwa siri, wakificha yale ambayo zamani waliyafanya mbele ya watu. Hao hawakuwa na ua wa mawe wala wa maneno. Ua wao ulikuwa ni kunyamaza.

Katika mwaka wa Kiyahudi uko usiku mmoja ambao Torati yenyewe inauita usiku wa kulinda. Ni usiku wa kwanza wa Pasaka, wa kukumbuka kutoka utumwani Misri. Mwaka 1979 usiku huo uliingia jioni ya tarehe 11 Aprili. Siku hiyo hiyo mji wa Kampala ulitekwa na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, na utawala wa Amin ukaanguka. Mwanahistoria hana ruhusa ya kusema kwamba jambo moja lilisababisha la pili. Lakini aweza kueleza kwa nini watu wa Mbale hawakuusahau usiku huo. Walikuwa wamelinda, nao wakaona zamu ya usiku imekwisha. Baada ya hapo walijikusanya upya, na mwaka 2008 kiongozi wao, Gershom Sizomu, aliwekwa kuwa rabi baada ya masomo yake katika Marekani.

Historia hii yakuhusu wewe uliye shuleni. Katika Kenya swali la siku ya Sabato lilifika mpaka mbele ya mahakimu, kwa sababu shule nyingine zilifanya masomo na mitihani siku ya Jumamosi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililoletwa na Kanisa la Waadventista Wasabato, iliona kwamba haki ya wanafunzi hao ya kushika siku yao ya ibada yapasa kutafutiwa nafasi katika ratiba ya shule. Yumkini umekaa dawati moja na mwenzako wa namna hiyo. Yumkini ulimcheka, au ulidhani kwamba anakwepa kazi. Mtazame mara ya pili. Huenda anajitahidi kulinda kitu alichoazimwa, nacho hakionekani kwa macho, wala hakuna atakayemlipa akikilinda vyema.

Tena, wewe mwenyewe umeazimwa vingi. Lugha unayosema hukuitunga. Ziwa hukulichimba, na samaki wake hukuwapanda. Elimu unayopewa iliwagharimu wengine, na baadhi yao hawakuingia shuleni kamwe. Kwa kipimo cha walinzi wanne, aliyepata faida yote bila kutoa kitu ndiye mwenye deni kubwa. Si lazima uwe Myahudi wala Msabato ndipo uikubali hukumu hiyo.

Kaini aliuliza swali lake ili aondoke mbele ya hakimu. Wewe waweza kulichukua swali hilo hilo na kukaa nalo. Jioni jua litakapotua juu ya Winam, jiulize ni kitu gani kilichotiwa mkononi mwako, ni nani atakayekipokea baada yako, na kama zamu yako ikiisha leo, utamkabidhi kikiwa kizima.